Nukta Mbili Chini ya Mfuniko

Mimi ni fundi saa, na nianze kwa kukiri kwamba mafundi saa tuna kiburi. Fundi baiskeli akikosea, mteja anaanguka na mtaa mzima unaona. Sisi tukikosea, mteja anafika msibani jeneza limeshatoka, na anamlaumu bodaboda. Kwa hiyo tunazeeka tukidhani hatukosei. Mimi nimezeekea kwenye baraza ya duka la vitambaa, barabara ya nane, Ngamiani, hapa Tanga, kwenye meza ileile aliyokalia marehemu baba yangu. Wanawake mafundi saa ninaowajua mjini humu ni wawili tu, na huyo wa pili nilimfundisha mwenyewe. Hata sifa ya kuwa peke yangu niliitoa kwa mikono yangu.

Siku hizi kinachonilisha ni betri. Lakini kinachowaleta wanaume mezani kwangu wakiwa wameficha mkono mfukoni ni jambo jingine. Wanataka kujua kama saa zao ni orijino. Saa zenyewe zina majina makubwa ya Uswisi usoni, na sote tunajua jina ni la kuiga, maana hakuna anayeuziwa saa ya bei ya nyumba kwa bei ya viatu. Ubishi uko ndani. Muuzaji humwapia mteja: nje kopi, lakini mashine, wallahi, ya Uswisi yenyewe. Na mara mojamoja huwa kweli, mtu amechukua mashine halisi akaitia kwenye kasha la kuiga. Mara nyingi mashine nayo imeigwa, kipande kwa kipande, mpaka muhuri wa kiwanda unaokaa chini ya balansi, lile gurudumu dogo linalokwenda na kurudi na kuipa saa uhai.

Muhuri haunibabaishi. Muhuri mtu anaweza kuuchonga uani kwake. Mimi natazama vichwa vya skrubu, kwa sababu Mswisi hung'arisha hata skrubu ambayo haitaonwa na mtu mpaka Kiyama, na mwigaji hung'arisha za juu tu, kama mtu anayefagia sebule na kuacha uchafu chini ya kochi. Natazama vito vyekundu vinavyobeba ncha za magurudumu, kama vimekaa sawa na kama wekundu wao haujazidi. Natazama kispringi kinachokilinda kito cha balansi saa inapoanguka, maana umbo lake waigaji wengi hulikosea. Halafu naijaza kwa kuzungusha kile kitufe cha ubavuni, nikiwa nimeiweka sikioni. Halisi hujaa kimyakimya. Kopi hukwaruza, utadhani mtu anakoroga sukari kwenye kikombe cha bati.

Nikishajua, kuna adabu yake. Siwezi kumwambia mtu mzima mbele ya muuza kahawa kwamba amepigwa. Saa ikiwa halisi nasema, "Hii saa." Basi. Ikiwa kopi nasema, "Inatembea vizuri." Na si uongo, nyingi hutembea vizuri. Lakini mjini wameshanijua. Kuna mzee wa sokoni aliyeapa kwamba yake ililetwa kwa ndege kutoka Uswisi, nikaifungua nikakuta kimashine cha plastiki kimezungukwa na duara la plastiki, na nafasi iliyobaki ni hewa ya Tanga. Nilipomwambia inatembea vizuri alininunia mwezi mzima. Akawa anapita upande wa pili wa barabara, na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

Baba aliniachia kanuni mbili. Ya kwanza ni alama. Fundi akishaifungua saa na kuisafisha, huchora alama yake ndogo kwa ncha ya sindano ndani ya mfuniko wa nyuma, ili fundi atakayefungua baadaye ajue nani alipita. Alama ya baba ilikuwa ndoana. Yangu ni ndoana na nukta moja. Ila baba alikazania jambo hili: kopi itengeneze, mteja ana haki yake, lakini usiitie alama. Alama ni ushahidi kwamba mashine umeipima na ni halisi.

Ya pili ilikuwa swali. Kabla ya kumrudishia mteja saa yake, baba alimwuliza, "Nikuwekee ya msikitini au ya ofisini?" Wazee wengi wa pwani walizitega saa zao kwa hesabu yetu: jua likizama, mishale yote miwili inatazama juu, kumi na mbili kamili, na saa moja ya usiku mshale mfupi unakuwa kwenye moja, pale panapostahili. Watu wa maofisini walizitega Kizungu, wakaona saba wakasema moja, kama tunavyofanya karibu wote leo bila hata kufikiri. Swali hilo niliacha kuliuliza miaka mingi iliyopita. Jibu lilikuwa halibadiliki tena, na mimi sipendi kupoteza mate.

Mwanafunzi wangu ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la kwanza, na kaka akamleta kwangu Makorora na begi moja na kuku mmoja. Kuku tulimla, mtoto akabaki. Amekulia mezani pangu. Macho yangu yalipoanza kunisaliti, yeye ndiye akawa anashika mashine ndogondogo, mimi nikabaki na mdomo. Siku niliporidhika naye nilimpa alama yake, ndoana na nukta mbili. Akalia. Nikamwambia asilie juu ya saa za watu, machozi yana chumvi, yataleta kutu.

Mwaka jana akatokea kijana wa Kipemba, mwenye duka la nguo barabara ya pili kutoka kwetu. Alikuja na saa ya ukutani iliyokuwa na mayai ya mjusi ndani. Wiki iliyofuata akaja na nyingine. Ya tatu haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa nzima kunishinda mimi. Nikamwuliza binti, "Hivi huyu mtu ana kuta ngapi?" Akainamia meza akatafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea. Basi nikajua.

Posa ilipelekwa Kigombe, nyumbani kwa kaka. Kaka ni mstaafu, anafuga mbuzi na kuwasahihisha watu, na cha pili ndicho anachokipenda zaidi. Siku ya kupeleka vitu, wazee wa kijana wakaweka kila kinachostahili, na ilipofika zamu ya kilemba, ile zawadi ya baba wa binti, kijana akaomba aitoe mwenyewe. Ilikuwa saa. Jina lililoandikwa usoni mwake hata wavulana wa stendi wanalijua.

"Baba," akasema, "jina hilo la juu ni la uongo, nisingependa ukaambiwa na mtu mwingine. Kasha ni la kuiga. Lakini mashine ya ndani ni ya Uswisi kweli. Kuna fundi ameifungua akanihakikishia."

Watu wakaguna. Kaka akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mtu anayekutajia kasoro ya mali yake hujamwuliza," akasema, "huyo hata ukimpa mtoto unalala." Akanigeukia. "Fundi, hebu itazame."

Mimi nilikuwa nimeshakwama kwenye neno moja. Fundi. Fundi gani huyo, Tanga hii, ambaye si mimi? Nikajiambia ni mmoja wa matapeli wa Dar wenye meza chini ya mwavuli. Nikasema, "Leo sina vifaa, kaka. Ivae wiki nzima kwanza. Tazama kama inapoteza dakika. Tazama tarehe inageuka saa ngapi. Halafu unipigie." Nikajikohoza kama daktari. Kioo changu cha jicho, kile cha kukuzia, na kisu cha kufungulia mifuniko vilikuwa ndani ya mkoba mapajani mwangu. Natembea navyo hata maulidini.

Wiki ikapita. Kaka akapiga simu mchana, mikono yangu ikiwa kazini, nikaiweka sauti ya juu mezani. Binti alikuwa amekaa mbele yangu anabadilisha betri.

"Mdogo wangu!" Kaka alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. "Hii saa imesilimu!"

"Imefanya nini?"

"Imesilimu nakwambia. Tarehe inageuka magharibi! Muadhini akigusa kipaza sauti tu, tak, siku mpya. Siku ya Kiislamu si inaanza magharibi? Saa inajua! Hapa msikitini wanakuja kuitazama mkononi mwangu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Haijakosea."

Sasa mimi nikaiona hiyo saa kichwani mwangu kama ninavyoziona saa zote siku hizi. Magharibi, mshale mfupi unatazama chini kwenye sita, na tarehe inageuka hapo. Mashine ya Uswisi hugeuza tarehe mishale miwili ikipandana juu, ama dakika chache pembeni. Inayogeuza mishale ikiwa chini, aliyeiunga amebandika mishale bila hata kuangalia tarehe iko wapi, na uzembe huo nimeuona kwenye kopi chungu nzima. Sikufikiri mara mbili. Hata ile adabu yangu ya inatembea vizuri sikuikumbuka.

"Kaka, hiyo kopi," nikasema. "Tena kopi ya mtu asiyejua kubandika mshale. Huyo fundi wake ni tapeli. Na kama hakuna fundi, basi tapeli ni yeye mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa, jamani. Binti alikuwa ameshika betri kwa kibano, hakuinua uso. Akaitia mahali pake, akafunga saa ya watu, akaipangusa, akasema anakwenda kuswali adhuhuri. Adhuhuri ilikuwa bado karibu nusu saa.

"Basi," kaka akasema mwishowe, na furaha yote ilikuwa imemtoka. "Aliyenidanganya kwenye saa atanidanganya kwenye mtoto."

Hakuishia hapo. Kupitia kwa mshenga aliita wazee wa kijana waje Kigombe Jumapili, baada ya alasiri. Saa itawekwa mbele ya watu, mimi nitasema nilichokiona, na ikiwa ni kopi kama ninavyosema, posa imevunjika, kila mtu achukue chake. Saa akanitumia kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye bahasha na gundi ya kutosha kuzibia mtumbwi, ili niandae ushahidi.

Nyumbani, siku zile mbili, binti alipika mchuzi bila chumvi. Nikaula. Nikamtania kama kawaida yangu, nikamwambia wanaume hawajaisha, hata Muheza wapo, tena Muheza huvuki maji. Akasema, "Ndiyo, shangazi." Nikamwambia Mpemba gani anayeshindwa kujua saa wakati biashara amezaliwa nayo. Akasema, "Ndiyo, shangazi." Huyu ni mtoto ambaye tangu ana meno ya utoto hajawahi kuniachia neno lipite bila kulirudishia lake. Zile ndiyo zikanikaa kooni kama mwiba wa changu. Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Jumamosi asubuhi yeye akaenda Ngamiani kufungua meza, mimi nikabaki Makorora, nikatoa meza ndogo ukumbini pa nje penye mwanga. Saa ilikuwa imesimama. Ni zile zinazojijaza zenyewe mkono unapotembea, na kaka aliivua kwa hasira akaitupa kabatini, ikafa huko. Nikapitisha kisu pembeni, mfuniko ukaachia. Nikaugeuza ili niuweke kando, na jua likaupiga ndani.

Ndoana. Na nukta mbili.

Ilikuwa mbichi, michirizi bado inang'aa. Kwanza nikawaka. Ebo! Ameanza lini kufungua saa bila kunionyesha? Halafu nikakumbuka alama yetu maana yake nini, na hasira ikakosa pa kukaa. Kuna fundi ameifungua akanihakikishia, kijana alisema, mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nimekumbatia mkoba. Fundi huyo nilimlea mimi. Na kwa kinywa changu, kwenye simu ya sauti ya juu, nilimwita tapeli akiwa hatua moja kutoka kwangu, ameshika kibano.

Msidhani nilikubali haraka. Fundi hakubali haraka. Nilivaa kioo cha jicho nikaitafutia ile mashine kosa kwa muda wa kupika maharage. Skrubu, za juu na zilizojificha, zote zinang'aa. Vito vimetulia. Kispringi kina umbo lake. Nikaijaza sikioni, ikajaa bila kelele, kistaarabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Nikazungusha mishale polepole nikitazama dirisha la tarehe. Mishale ikapandana juu, kumi na mbili kamili, na tarehe ikaruka.

Juu. Siyo chini. Mishale ilikuwa imebandikwa sawasawa.

Sasa itageukaje magharibi? Nilikaa nayo mkononi. Nikaizungusha tena, ikaruka palepale. Nikamtukana kaka kidogo kimoyomoyo, kwamba amezeeka, haoni. Halafu nikamfikiria alivyo, na vile anavyokaa na mkono wake mapajani akisubiri adhana, kama baba alivyokuwa akikaa, na sauti ya baba ikanijia kama yuko nyuma ya kiti: nikuwekee ya msikitini au ya ofisini?

Lo! Kaka yangu hajawahi kuvaa saa ya ofisini hata alipokuwa ofisini. Alivaa ya msikitini, na mabosi wake waliteseka. Jua likizama, mishale yake yote miwili inatazama juu. Saa haijui kama nje ni magharibi Kigombe au ni usiku wa manane Uswisi. Imeona kumi na mbili, imegeuza tarehe kama ilivyofundishwa. Ilikuwa inafanya kazi yake bila kosa hata moja, na mimi, mtoto wa mwenye swali, mwenye meza ya mwenye swali, sikuuliza. Nyani haoni kundule.

Ningeweza kuishia hapo nikasema nilisahau. Ingekuwa nusu ya kweli, na mimi nusu ya kweli naijua, ndiyo ninayouza kila siku. Kweli yenyewe ni ule mkoba. Ningeweza kuifungua saa ile siku ileile mbele ya wazee, ingenichukua dakika tano. Sikuifungua kwa sababu niliogopa kukuta mashine nzima. Nilitaka iwe kopi. Kijana alishasema kwamba mama yake ni mgonjwa, na baada ya ndoa duka la hapa atamwachia mdogo wake, wao warudi Pemba. Mimi sina mtoto mwingine. Mchana tunakula mezani, sahani moja, yeye ananisomea namba ndogo zilizochongwa kwenye mashine na mimi namsimulia uongo wa wateja. Nilipofikiri kile kiti cha mbele yangu kikiwa kitupu nilisikia baridi, na Tanga hii hakuna baridi. Ndiyo maana nilifurahi kaka aliponiambia tarehe inageuka magharibi. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Na yeye ningemtaka aseme nini? Binti anayeposwa hasimami kumtetea mchumba, watu watasema amepagawa. Tena angesemaje kwamba kilemba cha baba yake alikifungua yeye kabla baba hajakiona? Na aliyetamka hukumu ni mwalimu wake. Akanyamaza, akaenda kuswali mapema.

Jumapili tulikwenda Kigombe wote wawili, sikumwambia kitu njiani, kwa woga tu. Yeye akaingia jikoni kwa wanawake. Mimi nikaketi ukumbini. Mjomba wa kijana alikuwepo na wazee wawili waliovuka kutoka Pemba, mmoja bado uso umempauka kwa kichefuchefu cha bahari. Kijana alikuwa amekaa anahesabu ukili wa mkeka. Kaka akaweka saa kwenye sinia katikati ya watu, akasema, "Fundi, sema."

"Kwanza niulize swali," nikasema. "Kaka, magharibi ikiadhiniwa, mishale ya saa yako inatazama wapi?"

Akaniona nimepungukiwa. "Juu. Itazame wapi tena? Si kumi na mbili?"

"Haya. Na ya kwangu hapa mkononi inatazama wapi?"

"Yako najua mimi? Yako ya Kizungu."

Yule mzee wa kichefuchefu akaanza kutikisika mabega. Akakunja mkono wa kanzu akatuonyesha saa yake mwenyewe, nayo ya msikitini, na tarehe yake, akasema, nayo inageuka magharibi, miaka yote, na hakuna aliyewahi kumvunjia ndoa kwa sababu hiyo. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nikiwa nataka ardhi ipasuke.

Nikasema yote. Kwamba saa haina kosa, kosa ni langu. Kwamba sikuifungua, nilihukumu kwa simu, jambo ambalo baba yangu angenichapa kwalo hata na umri huu. Kwamba nimeshaifungua sasa, na mashine ni halisi, skrubu kwa skrubu. Nikamgeukia kijana. "Nimekuita tapeli. Nakuomba radhi mbele ya wazee wako."

"Yamekwisha, shangazi," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua macho. "Mie nachoomba ni saa zangu tatu za ukutani. Mpaka leo zi kwako."

"Na huyo fundi wako?" kaka akamwuliza. "Ni nani?"

Kijana akarudi kwenye ukili wake. Hakusema, na asingesema hata kwa kiboko. Hapo ndipo nilipompenda, nisije nikaficha. Nikafungua mfuniko, nikampa kaka na kioo cha jicho. Akatazama muda mrefu. Ile ndoana anaijua tangu utoto wetu. Nikaona midomo yake inahesabu: moja, mbili. Akageuza shingo polepole akatazama mlango wa jikoni.

"Kumbe kilemba changu kilipita jikoni kwanza," akasema. Akaichukua saa, akaihesabia kutoka adhana ya alasiri iliyokwisha kupita, akaitega ya msikitini, akaivaa. Mjomba wa kijana akaomba fatiha isomwe, wakati wengine bado wanafuta machozi ya kicheko.

Nikaenda jikoni. Wanawake wengine walikuwa mlangoni wanasikiliza, na aibu hawana. Yeye alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, amenipa mgongo, na mgongo ule nikaujua kwamba umesikia kila neno. Nikachuchumaa mbele yake. Magoti yangu yakalia.

"Mwanangu," nikasema, "mbona hukuniambia?"

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Nilisema, shangazi," akasema. "Nilisema pale ambapo fundi angetazama."

Nilikaa chini kabisa, kwenye sakafu, na nguo zangu za kuendea wageni, nikalia, naye akanipangusa kwa ncha ya khanga yenye machicha. Nilipoweza kusema nikamwuliza, "Sasa niambie kweli. Mimi ni fundi gani?"

Akanyanyuka. Akafunua chungu, akaonja mchuzi kwa kiganja, akachota chumvi akatia. Halafu akanitazama kwa yale macho yake mazuri kuliko yangu.

"Unatembea vizuri, shangazi," akasema.